Ushindani Unaofia Kwenye Mizani

Mwenye duka la rejareja mjini Rongo au Oyugis hulala akiwawazia washindani wake. Jirani akipunguza bei ya kilo ya sukari kwa shilingi tano, naye hana budi kupunguza. Mkulima wa miwa wa Uriri hajui hali hiyo ya kugombaniwa. Ana kiwanda kimoja kilichomlimia shamba, kikampa mbegu na mbolea kwa mkopo, na ndicho kitakachoamua siku ya kukata, lori la kubeba, uzito wa kuandikwa na makato ya kutolewa. Mvuvi wa mbuta wa Sori au Mbita anamwelewa vizuri mkulima huyo, na mkulima wa tumbaku wa Kuria anamwelewa zaidi. Hoja yangu ni kwamba Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo wengi tunaiita CAK, tayari ina sheria ya kuwalinda watu hawa watatu. Sheria hiyo imewahi kuzibana kampuni kubwa jijini Nairobi, na ni wakati ifike Migori na Homa Bay kwa nguvu ile ile.

Nianze na dhana potofu inayozuia mjadala huu kusonga. Watu wengi huamini kwamba kazi ya CAK ni kupanga bei, na bei ya sukari ikipanda utasikia wakiuliza mamlaka iko wapi. Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka. Sheria ya mwaka 1988 iliunganisha mambo mawili, udhibiti wa ukiritimba na udhibiti wa bei, na wananchi wakazoea kwamba ofisi inayosimamia biashara ndiyo inayotangaza bei. Sheria ya Ushindani, Nambari 12 ya 2010, iliyoanza kutumika Agosti 2011, iliachana na mtindo huo. Mamlaka haipangi bei ya chochote. Inachunguza mienendo: washindani wanaokutana kwa siri kupanga bei au kugawana maeneo, kampuni yenye nguvu inayotumia nguvu hizo vibaya, kampuni zinazoungana hadi soko likabaki na mlango mmoja, na wauzaji wanaomhadaa mlaji. Atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia. Agosti 2023 kampuni tisa za chuma zilionja makali hayo zilipotozwa jumla ya Sh338.8 milioni kwa kupanga bei pamoja. Kila aliyekuwa akinunua nondo za kujengea nyumba, awe Awendo au Kendu Bay, alikuwa akiwalipia njama zao.

Kifungu kinachonishughulisha leo ni cha 24A, kilichopata sura yake ya sasa katika marekebisho ya mwaka 2019. Kinahusu matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Sheria za ushindani duniani kwa kawaida humtazama muuzaji anayewaumiza wanunuzi, lakini Kenya ilikwenda mbali zaidi ikamtazama mnunuzi anayemwumiza anayemuuzia. Kifungu hicho kinataja mambo waziwazi: kuchelewesha malipo bila sababu kinyume cha makubaliano, kuvunja mkataba ghafla bila ilani, kukataa kupokea bidhaa zilizoagizwa, kumbebesha muuzaji gharama na hasara ambazo ni za mnunuzi, kudai upendeleo usiostahili. Isome orodha hiyo ukiwa umekaa chini ya mti nje ya lango la kiwanda cha sukari, na utadhani aliyeiandika alikuwa mkulima wa miwa.

Hakuwa mkulima. Kifungu hiki kilizaliwa na vilio vya wanaouzia maduka makubwa, na huko ndiko kilikojipatia jina. Mwaka 2020 mamlaka iliiagiza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini iache kuwakandamiza waliokuwa wakiiuzia, baada ya malalamiko ya mtengenezaji wa maziwa ya mtindi, na mwaka 2021 Jopo la Ushindani likaukubali uamuzi huo. Desemba 2023 kampuni hiyo hiyo ilitozwa takriban Sh1.1 bilioni kwa kesi mbili, moja ya muuzaji asali na nyingine ya mtengenezaji mafuta ya kupikia, ikaagizwa pia kurudisha fedha ilizokuwa imewakata. Ilikata rufaa, na ni haki yake. Mimi natazama kanuni iliyowekwa. Carrefour haikuwa duka kubwa kuliko yote nchini. Kwa hivyo mtu hahitaji kuwa mtawala wa soko zima ndipo sheria imguse, inatosha kwamba anayemuuzia anamtegemea kiasi cha kushindwa kukataa. Kama mwenye kampuni ya asali, mwenye mawakili na maduka mengine ya kumpokea, alionekana dhaifu mbele ya mnunuzi wake, tuseme nini juu ya mama mwenye ekari moja ya miwa Ndhiwa?

Tuangalie sasa udhaifu huo unavyotengenezwa, maana hautokani na ukatili wa meneja fulani. Miwa ikishakatwa huanza kupoteza sukari, na baada ya siku moja au mbili hasara inaonekana. Ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa kila kilo, hivyo kila kilomita ya barabara inakula faida. Mambo hayo mawili yanatosha kumfanya mnunuzi wa mbali awe mnunuzi wa jina tu. Juu yake weka mkopo. Kiwanda hulima, hutoa mbegu na mbolea, kisha hukata gharama zake siku ya mavuno, na riba ikiwemo. Kadiri miwa inavyokaa shambani bila kukatwa, ndivyo deni linavyonenepa na mmea unavyokauka. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini katika miwa anayepanga siku ya matanga ni mwenye kudai.

Hapo ndipo wale wanaosema bei ya miwa inapangwa na kamati, na kwa hivyo mkulima amelindwa, wanapokosea sana. Bei ya tani ikishafungwa, mvutano wote huhamia mahali ambapo bei haifiki. Tuseme, kwa mfano tu, kamati imeweka Sh5,000 kwa tani na ekari ya mkulima ingetoa tani 25. Anatarajia Sh125,000 kabla ya makato. Kiwanda kikichelewa kukata hadi miwa ikapoteza sehemu moja ya kumi ya uzito, Sh12,500 zimeondoka bila bei ya kamati kuguswa hata kwa senti. Lori likilala foleni siku mbili nje ya lango, uzito zaidi umekwenda. Ada ya usafirishaji ikiongezwa, anayelipa ni mkulima, kwa sababu lori huagizwa na kiwanda na hukatwa kwenye malipo yake. Fedha zikichelewa miezi mitano, amekikopesha kiwanda bila riba huku yeye akikopa kwa riba ili mtoto aripoti shuleni. Mkulima huyu amelipwa bei ya serikali, na bado amenyonywa. Nimesoma mikataba ya miwa ya aina hii, na kinachonisumbua kila mara ni jinsi adhabu za mkulima zinavyoandikwa kwa tarehe na viwango, ilhali wajibu wa kiwanda unaandikwa kwa maneno kama "kadiri itakavyowezekana".

Tumbaku ni hadithi ile ile katika vazi jingine. Kampuni hutoa mbegu, mbolea na dawa, kisha msimu ukifika mkulima hupeleka majani yaliyokaushwa kituoni, na mtu wa kampuni huyatazama na kuyapa gredi. Gredi ndiyo bei. Mpimaji, mnunuzi na mdai ni mmoja. Historia ya zao hili inapaswa kumtoa usingizini yeyote anayeamini kwamba utaratibu huo ulijitokeza wenyewe. Mapema miaka ya 1990, kampuni ya Mastermind ilipoanza kununua majani ya wakulima, kampuni ya BAT iliyokuwa imewakopesha pembejeo ilihofia kupoteza zao. Mwaka 1994 serikali ikatoa kanuni zilizomfunga mkulima kuiuzia kampuni iliyomdhamini. Nyaraka za ndani za BAT, zilizowekwa wazi baada ya kesi za Marekani dhidi ya kampuni za sigara na kuchambuliwa na watafiti mwaka 2007, zilionyesha kwamba rasimu ya kanuni hizo ilikuwa imeandikwa na kampuni yenyewe. Mshindani alikuja, bei ikaanza kuchangamka, na jibu likawa sheria ya kumfungia mkulima mlango. Tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa yakiwasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na sababu ya afya ni nzito. Lakini ipo pia sababu ya uhuru. Maharagwe unaweza kumuuzia yeyote sokoni, na asiyenunua leo yatamngoja kesho.

Samaki hawezi kungoja. Ukienda Muhuru Bay, Sindo au visiwa vya Rusinga na Mfangano, utaona kwamba mwenye barafu na gari ndiye mwenye bei. Wakala wa mbuta humkopesha mvuvi nyavu, injini au mafuta, na sharti lake ni kwamba samaki wote waende kwake kwa bei atakayotaja na kwa mizani yake mwenyewe. Deni lenyewe halina haraka ya kuisha, kwa kuwa likiisha mvuvi atakuwa huru. Sitarajii CAK imfukuze kila wakala ufuoni. Lakini nyuma ya mawakala kuna wanunuzi wachache wakubwa, na mamlaka ina uwezo wa kufanya uchunguzi wa sekta nzima hata pasipo mlalamikaji. Uchunguzi wa namna hiyo ungeuliza jambo rahisi: bei ya asubuhi katika fuo mbalimbali hutangazwa na nani, na kwa nini mawakala wa kampuni tofauti hufika na bei ile ile? Kama jibu ni kwamba wanunuzi hupigiana simu usiku, hiyo haina tofauti na kesi ya chuma. Kupanga bei ya kununulia kumekatazwa sawa na kupanga bei ya kuuzia.

Najua pingamizi la wenye viwanda, na sehemu yake ni ya haki. Husema: tumelima, tumetoa mbegu, tumesubiri mwaka na nusu, kisha anakuja mtu na lori usiku na fedha taslimu mkononi, anakata miwa tuliyoigharamia na kuondoka. Huo wao huuita uporaji wa miwa, na mizozo kati ya viwanda vya Awendo, Ndhiwa na Transmara kule Kilgoris imekuwa mikali kwa miaka mingi. Mwaka 2023 miwa ilipoadimika hadi serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, ilikuwa imefika mahali pa kukatwa miwa michanga. Hakuna mwekezaji atakayemkopesha mkulima akijua mwingine atavuna. Hilo nalikubali kabisa. Ninachokataa ni dawa inayopendekezwa kila mara, yaani kumfunga mkulima kwa kiwanda kama ng'ombe kwa mti. Kinachopaswa kulindwa ni deni la kiwanda. Miwa ni ya mkulima. Mnunuzi wa pili akitaka kununua, alipe kwanza deni la wa kwanza, risiti itolewe, miwa iende. Mfumo wa kielektroniki unaoonyesha deni la kila shamba unawezekana. Nchi ambayo mama mboga hulipwa kwa simu haiwezi kudai kwamba hesabu za deni la miwa zimeishinda.

Sheria ya Sukari ya 2024, iliyotiwa saini Novemba mwaka huo na kuirudisha Bodi ya Sukari Kenya, inagawa maeneo ya miwa kuwa kanda, na kaunti za Migori na Homa Bay zimo katika kanda ya kusini. Wapo wanaoichukulia kanda kuwa ruhusa ya ukiritimba. Hawajaisoma Sheria ya Ushindani. Kifungu chake cha 5 kinasema kwamba sheria nyingine ikigongana nayo katika masuala ya ushindani, Sheria ya Ushindani ndiyo itakayotawala, na kwamba wasimamizi wa sekta wanapaswa kukubaliana na CAK jinsi ya kugawana kazi. Tena kanda ya kusini ina viwanda zaidi ya kimoja. Kanda inayoviruhusu viwanda vyake kugombania miwa ndani ya mipaka yake inaweza kumfaa mkulima. Lakini viwanda hivyo vikikaa hotelini vikakubaliana kwamba Rongo ni yako na Ndhiwa ni yangu, huko ni kugawana wauzaji na maeneo, na kifungu cha 21 kinakataza jambo hilo kwa jina. Anayeshiriki anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini ya hadi Sh10 milioni. Wakurugenzi wa viwanda na viongozi wetu wa kisiasa wanaopenda kusuluhisha mizozo ya miwa kwa kuchora mipaka wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuketi.

Mabadiliko ya Awendo yanalifanya suala hili kuwa la dharura. Kiwanda cha Sony, kilichoanzishwa na serikali katika miaka ya 1970, kilikodishwa Mei 2025 kwa kampuni ya Busia Sugar Industry kwa miaka 30, pamoja na viwanda vya Nzoia, Chemelil na Muhoroni vilivyokwenda kwa wengine. Sina uchungu na ukodishaji. Kampuni ya umma iliyowaacha wakulima wakidai malipo miaka nenda miaka rudi haikuwa rafiki wa mkulima kwa sababu tu ni ya umma. Ila katika Sheria ya Ushindani kukodi mali ya kampuni nyingine kunaweza kuhesabiwa kuwa muungano wa kampuni, na muungano huweza kuidhinishwa kwa masharti. CAK imezoea kuweka masharti ya kulinda ajira na wafanyabiashara wadogo. Katika miwa, sharti la kwanza lingekuwa malipo kwa wakati, la pili mizani huru. Kwa miaka 30 mtoto anayezaliwa leo Sakwa atakua, ataoa na kupanda miwa yake mwenyewe chini ya mkataba huo huo.

Mlaji naye ana sehemu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilipata kwa soko la pamoja la COMESA kinga ya kuzuia sukari ya bei nafuu isiingie bila mipaka, na kinga hiyo ikaongezwa tena na tena. Kila mara hoja ilikuwa kwamba tunamlinda mkulima. Familia ya mvuvi wa Karungu ilinunua sukari ghali kwa zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya jirani yake mwenye miwa, na ina haki ya kuuliza kama nyongeza hiyo ilifika kwa jirani au iliishia kiwandani na kwa walanguzi. Penye mnunuzi mmoja, kinga ya bei hunufaisha zaidi mnunuzi.

Basi kifanyike nini? Mamlaka isingoje malalamiko. Mkulima anayelalamika leo anajua miwa yake itakatwa kesho na anayemlalamikia, na ukimya wake usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba ameridhika. Sheria inairuhusu CAK kuanzisha uchunguzi yenyewe, kuitaka sekta yenye dalili za unyanyasaji itoe taarifa za mara kwa mara, na kuilazimisha iandike kanuni za maadili zenye nguvu za kisheria. Ianze na miwa ya kusini. Kanuni hizo ziseme kwamba miwa ikifikisha umri uliokubaliwa na kiwanda kisikate katika muda uliowekwa, mkulima yuko huru kuuza kwingine, na deni linasimama bila riba kuanzia siku hiyo. Ziseme gharama ya lori kulala foleni ni ya kiwanda. Ziseme mkulima apate mkataba kwa lugha anayoisoma na taarifa ya deni lake kila baada ya miezi mitatu, badala ya kushtukizwa siku ya malipo. Na mizani, za viwandani, za tumbaku na za ufuoni, zikaguliwe na maafisa wa vipimo bila ilani, kukiwa na mwakilishi wa wakulima mwenye haki ya kusimama pale na kuandika anachokiona. Mpango unaozungumzwa wa kulipa kwa kiwango cha sukari ndani ya miwa ukija, maabara ya kiwanda iwe chini ya ukaguzi huo huo, maana mizani mkulima anaweza kuitilia shaka kwa macho yake, lakini majibu ya maabara hana la kuyafanya ila kuyaamini.

Wakulima na wavuvi nao wana jambo la kufahamu. Sheria hii haiwatazami matajiri peke yao. Chama cha wafanyabiashara kinachokubaliana bei ya chini kabisa, au saco za magari zinazopandisha nauli kwa pamoja siku ya mkesha wa Krismasi kati ya Migori na Homa Bay, ziko chini ya kifungu cha 21 kama kampuni za chuma. Hata vikundi vya kuuza kwa pamoja vinahitaji tahadhari. Lakini mlango upo: kifungu cha 25 kinaruhusu kuomba msamaha wa kisheria pale ambapo makubaliano yana manufaa kwa umma, na vyama vya ushirika vya miwa, na kamati za usimamizi wa fuo zinazotaka kuuza samaki kwa mnada mmoja, vinapaswa kuutumia. CAK ingefanya jambo la maana kwa kutayarisha fomu fupi ya ombi hilo kwa Kiswahili na Kidholuo, na kutuma afisa akae Awendo siku za soko awasaidie watu kuijaza. Afisa huyo huyo apokee malalamiko kwa siri, kupitia kikundi badala ya jina la mtu mmoja, ili kiwanda kisijue ni shamba la nani la kurukwa msimu ujao.